Pampu mpya ya breki imenigombanisha na shemeji yangu

Mshauri wetu, naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mimi nikiirudia barua hii naona imeandikwa na mtu mzima aliyefanya mambo ya kitoto. Mimi ni dereva, lori ninaloendesha ni langu mwenyewe, nabeba matofali na mchanga, na lori lenyewe ni la zamani, limeona barabara nyingi kuliko mimi, watu wa kijiweni wanaliita Kobe na mimi wananiita Baba Kobe, nami sikasiriki kwa sababu kobe hufika. Nakuandikia nikiwa na furaha, nasema hivyo mapema ili usisome roho mkononi, niko mzima na hakuna aliyeumia hata ukucha, lakini kuna mtu nimemuumiza kwa mdomo na sijui nitamrudia kwa uso gani.

Mtu huyo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Ni fundi wa magari makubwa, gereji yake ni uwanja wenye shimo la kuingilia chini ya gari na kipande cha paa la mabati, na kila mtu anamwita Fundi Kimya, kwa sababu ukimsalimia asubuhi jibu unaweza kulipata mchana. Ndiye aliyemlea mke wangu baada ya baba yao kufariki, ndiye niliyemwendea kuposa, na siku ile baada ya wazee wote kuhutubia yeye aliniambia maneno matatu tu: "Mtunze. Usimpigie kelele." Tangu hapo ni miaka kumi na tisa analitengeneza Kobe, na sijawahi kubaki njiani kwa kosa lake.

Sasa mwezi uliopita pampu ya breki, ile inayosukuma mafuta unapokanyaga pedeli, ilianza kuvuja. Shemeji akaifungua, akaigeuzageuza, akasema chuma chake ni kizima, mipira ya ndani ndiyo imechoka, abadilishe mipira niendelee na kazi. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimechoshwa na viraka, nikitazama Kobe kila mahali naona kitu kilichowahi kufunguliwa na kurudishwa, nikasema safari hii nataka kitu kipya, kilichofungwa kwenye boksi, nikichane nailoni kwa mkono wangu. Akasema, "Shemeji, hii ya zamani ni chuma kizuri." Nikamjibu, "Shemeji, hata wewe ungefungwa pampu mpya ungezungumza kidogo," watu wakacheka, naye akacheka, maana sisi ni mashemeji na utani wetu ni wa kila siku.

Nikaenda duka la spea nikanunua pampu mpya, boksi linang'aa, nikapitia nalo kijiweni kwa makusudi ili lionekane, na dereva wa lori la maji, ambaye gari lake ni la aina moja na langu, akaniuliza nimeipata wapi nikamwelekeza mpaka rafu yenyewe. Shemeji akaifunga, akatoa hewa kwenye mabomba ya breki, nikajaribu uwanjani, breki ikashika mpaka kofia ikaniangukia usoni. Nikaona nimeshinda.

Siku ya tatu pedeli ikaanza visa. Ukikanyaga inashika vizuri, lakini ukiuacha mguu palepale inazama polepole mpaka sakafuni kama mtu anayesinzia kwenye kiti. Nikarudi kwa shemeji, akatoa hewa tena, akakagua mabomba yote hakuona tone, akaja akasimama mbele yangu akasema, "Pampu yenyewe ni mbovu. Niachie saa moja niizibe matundu, nikuonyeshe." Mshauri, hapo ndipo nilipopotea. Nilimwambia kitu kipya kinakuwaje kibovu, kimeharibikia wapi, ndani ya boksi? Nikawasha gari nikaenda dukani kulalamika.

Muuzaji alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akaniuliza, "Mzee, fundi wako alikurudishia ile ya zamani?" Wewe labda hujui, lakini desturi ya gereji ni kwamba fundi akikufungia kitu kipya anakiweka cha zamani ndani ya boksi la kipya na kukukabidhi mkononi, ili ujue kweli amebadilisha na hajakufanyia ujanja. Nikakumbuka kwamba shemeji safari hii hakunirudishia kitu. Nikasema hapana. Muuzaji akainua mabega akasema, "Basi." Neno moja tu, na mimi njia nzima nikawa nalitafuna mpaka likawa hadithi kamili.

Nikafika gerejini shemeji yuko ndani ya shimo na watu wapata kumi wamekaa wanasubiri magari yao. Sikusubiri apande. Nikasema kwa sauti iko wapi pampu yangu ya zamani, nikasema umeipaka rangi ukanirudishia mkweche wangu na ile mpya umemfungia mtu mwingine, nikasema kumbe miaka yote hii nalea mwizi kwa jina la shemeji. Akasema nichungulie chini ya gari nione ni ile ile mpya, nami nikajibu rangi hata mlango mbovu unapakwa. Watu hawakucheka. Shemeji akapanda, akajifuta mikono kwa kitambaa taratibu, kidole kimoja kimoja, akaniambia neno moja: "Usiliendeshe." Nikaliendesha.

Nikalipeleka gereji kubwa ya mjini, ile ya sakafu ya vigae ambayo mafundi wake wanavaa makoti, wakakaza breki za nyuma, wakatoa hewa kwa mashine, wakaniambia liko sawa, na kweli kwa siku mbili likawa kama sawa, nami nikawa namwambia kila mtu kijiweni kwamba Fundi Kimya breki zimemshinda.

Siku ya tatu asubuhi nimebeba matofali, nateremka ule mteremko wa zahanati, na pale langoni akina mama wamepanga foleni na watoto wao wa kliniki, mmoja ameinama anamfunga mwanawe mgongoni, kitako chake kiko barabarani kabisa. Nikakanyaga breki. Ikashika, ikawaza, ikazama. Nikapigapiga pedeli, hakuna kitu. Sikumbuki kama nilipiga honi, nakumbuka nilirudisha gia mpaka injini ikalia, nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, na kabla ya lile lango, upande wa kushoto, palikuwa na lundo la mchanga la mtu anayejenga, nikalielekeza Kobe humo. Likazama mpaka taa, likatulia. Matofali machache yakadondoka. Mchanga wenyewe nilikuwa nimeupeleka mimi wiki iliyotangulia, na mwenye nyumba akatoka analalamika kwamba nimeumwaga vibaya mara mbili. Mshauri, sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile. Yule mama alimaliza kumfunga mtoto akaingia zahanati, hakujua lolote, na mimi nikakaa kwenye mchanga nikalia kwa furaha.

Nikampigia mke wangu, na mke wangu akampigia kaka yake, na baada ya nusu saa Fundi Kimya akafika kwa pikipiki na mfuko wa spana. Hakunisalimia wala hakuninunia. Aliingia chini ya gari, akayatoa mabomba kwenye pampu, akayaziba matundu yake kwa bolti, akaniambia nikanyage. Mafuta hayana pa kwenda, pedeli ilipaswa kuwa ngumu kama jiwe. Ikazama vilevile. Akaitoa ile pampu, akaifungua palepale juu ya gunia, akaushika mkono wangu akakiingiza kidole changu ndani, nikausikia kwa ukucha mchubuko mrefu kwenye ukuta wa chuma, na mpira wa ndani umekatika ukingo. Imetoka hivyo kiwandani. Kila nilipokanyaga, mafuta yalikuwa yakipita kando ya mpira na kurudi yalikotoka.

Kisha akatoa kwenye mfuko wa spana kitu kilichofungwa kwa kitambaa safi, na kumbe ni ile pampu yangu ya zamani. Alikuwa ameibakiza kwa sababu hakuiamini ile mpya, akaisafisha, akabadilisha mipira kwa hiari yake, akaiweka ikisubiri siku nitakapoihitaji. Akaifunga, akatoa hewa, akasema, "Jaribu." Pedeli juu, ngumu, haizami. Nilipogeuka kumshukuru alikuwa ameshawasha pikipiki.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa na Kobe linasimama ninapotaka. Ile mbovu niliirudisha dukani ikiwa wazi, muuzaji akaitazama, akaingia ndani, akatoka na mpya ya aina nyingine, akaniambia, "Mzee, yamekwisha, lakini usiitangaze, tusiharibiane." Nikakubali, nilikuwa na furaha, japo niliona maboksi mengine matano kama lile langu bado yamepangwa rafuni. Tatizo langu ni shemeji. Haji nyumbani. Mke wangu ananipikia, ananiitikia salamu, ila siku hizi haniiti Baba fulani, ananiita Dereva. Nilimwomba anipelekee maneno mazuri kwa kaka yake, akanijibu, "Matusi uliyapeleka mwenyewe, hukunituma mimi." Nimefikiria kumpa shemeji ile pampu ya pili iwe zawadi, au kungoja shughuli ya kifamilia watu wakiwa wengi mambo yajifunike yenyewe. Naomba uniambie, nimwombe vipi msamaha bila kujishusha mno, maana nami ni baba wa watu?

Ni mimi, mwenye Kobe


MSHAURI ANAJIBU

Baba Kobe,

Barua yako niliifungua Jumanne asubuhi. Gazeti hili hutoka Ijumaa, na breki haisubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu kabla chai yangu haijapoa. Wasomaji hawajui tulichozungumza, na kwa ruhusa yako nitawaambia, kwa sababu humu mna madereva wengine.

Umeniandikia kurasa kuhusu shemeji yako, na sentensi moja tu kuhusu maboksi matano. Sentensi moja pia kuhusu dereva wa lori la maji, ukampita kana kwamba ni nguzo ya umeme. Nilipokuuliza, "Alinunua?" ulisema, "Nadhani alinunua." Nikakuambia mambo ya kudhani tuwaachie watabiri wa mvua, wewe kata simu umtafute. Nakupa haki yako: ulikata bila kuaga. Baada ya saa moja na dakika chache ukanipigia ukihema, umemkuta anatoka kwenye bomba la kujazia maji, tangi limejaa, pampu ya boksi lile lile iko chini ya pedeli, na ameshaanza kuona "inalala kidogo" akadhani ni hewa. Njia yake inapita mteremko wa zahanati. Ameshuka, amelifunga gari, yuko salama. Niliposikia hivyo nilikaa chini, nikacheka peke yangu ofisini, wenzangu wakaniuliza nimepata barua ya mapenzi gani.

Kwa hiyo furahi, una sababu mbili sasa. Lakini hatujamaliza.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wewe ulikuwa na kidonda kwenye boksi linalong'aa ukakipitisha kijiweni watu wakione. Kutaka kitu kipya si dhambi. Kosa lako ni kuliamini boksi usilolijua kuliko mkono unaoujua kwa miaka kumi na tisa. Nimemuuliza jirani yangu aliyetengeneza mabasi mpaka akastaafu, naye kaniambia hivi: breki ikifungwa kitu kipya, kabla hujapakia hata tofali moja, simamisha gari mahali tambarare, kanyaga pedeli, uache mguu hapo huku unahesabu mpaka sitini. Ikizama, hata kama kitu kimetoka dukani leo, gari haliondoki. Kukanyaga mara moja na kofia kuanguka usoni si kipimo, hiyo ni sherehe.

Sasa duka. Ahadi ya kunyamazia kitu kinachoweza kuua watu haimfungi mtu, irudishe kama ulivyorudisha pampu. Kama hukwenda siku ile ya simu, leo hii nenda umwone mwenye duka mwenyewe, si muuzaji wa kuinua mabega. Mwambie ayatoe maboksi yote rafuni mbele yako na akumbuke amewauzia akina nani mengine. Huenda naye aliletewa bila kujua, mpe nafasi ya kuwa mtu mwema. Akikuzungusha, ofisi inayokagua magari haiko mbali, nenda na dereva wa maji na pampu yake ikiwa imefunguliwa. Kisha simama kijiweni, useme tena kwa sauti ile ile uliyotumia kutangaza kwamba breki zimemshinda Fundi Kimya.

Ndiyo, nimefika kwa shemeji yako.

Unaniuliza utaombaje msamaha bila kujishusha mno. Baba watu, yeye ndiye aliyejishusha, aliingia chini ya lori la mtu aliyemwita mwizi, kwenye mchanga, akalala chali akalitengeneza. Na tangu siku ile kila unapokanyaga pedeli Kobe likasimama, unakanyaga kazi ya mikono yake. Umeshavuka mteremko ule mara ngapi kwa wiki tatu? Umemshukuru mara ngapi? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kidole unakifunga kitambaa unaendelea, ulimi hauna kitambaa.

Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Mtu akiogopa hutafuta wa kumlaumu, na wa karibu ndiye rahisi kufikiwa. Muuzaji alikupa neno moja na hofu yako ikamalizia hadithi. Lakini sasa hofu imekwisha, na aibu nayo isikufanye uanze visa vipya.

Ile pampu ya pili usimpe zawadi. Hakuna mtu anayetaka kupewa kumbukumbu ya siku aliyotukanwa, tena ikiwa ndani ya boksi. Wala usingoje shughuli ya kifamilia. Mambo hayajifuniki yenyewe, yanafunikwa na watu, halafu yananuka. Na mkeo mwache. Amekujibu jibu zuri kuliko langu, mimi ningeweza kuliandika hilo peke yake na kulala. Siku kazi itakapofanyika atakurudishia jina lako, labda siku hiyo hiyo, labda kesho yake, akikuchelewesha uvumilie.

Nenda gerejini kwake kesho asubuhi, saa ile watu wanaposubiri magari yao. Akiwa ndani ya shimo, safari hii subiri apande. Usianze na utani, utani mtaupata baadaye ukiuchuma. Sema hivi, wala usiongeze: "Nilikuita mwizi hapa, mbele ya watu. Nilisema uongo. Uliniambia pampu ni mbovu nikakataa, ukaniambia nisiliendeshe nikaliendesha, na wewe ndiye uliyekuja kunitoa. Nisamehe." Usiseme "kama nilikukosea." Usitaje muuzaji. Usitaje kwamba nawe ni baba wa watu.

Kisha nyamaza. Hilo kwako litakuwa gumu kuliko msamaha wenyewe, lakini yule ni mtu wa maneno matatu, usimlazimishe kupata la nne kwa sababu wewe una haraka ya kusikia umesamehewa. Anaweza kukujibu mchana. Anaweza kukujibu mwezi ujao. Usimwambie unamwamini, maneno hayo umeshayachakaza. Mpe ufunguo wa Kobe, mwambie akague breki zote na akae nalo mpaka atakaporidhika yeye, halafu rudi nyumbani kwa miguu.